Terminal, Unit na geti: kwa nini viwanja vya ndege hubadili namba, na namba za zamani huenda wapi



Juzi nimepata imeili kutoka kwa mdau mmoja wa Mwanza. Anakwenda Nairobi, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi imeandikwa NBO, Terminal 1A. Shemeji yake anayeishi huko kampigia simu, kamwambia "usihofu, nitakupokea Unit Four". Basi bwana, mdau kaganda kafe saa nzima akitafuta Unit Four kwenye ramani ya uwanja, hakuna kitu. Anauliza: nimekatiwa tiketi ya jengo jingine au shemeji kachanganya?

Jibu fupi: ni jengo hilohilo moja. Unit Four ni jina la zamani, 1A ndilo lililopo kwenye vibao. Jibu refu naliweka hapa chini, maana swali hili linaonekana la kitoto mpaka siku likukute una begi mkononi na kaunta inakaribia kufungwa.

Mimi lilinikuta hapa hapa Dar. Ilikuwa 2019, miezi michache tu baada ya Terminal 3 kuanza kazi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anakwenda Muscat kwenye kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Tiketi ilikuwa ile ya bei chee, isiyobadilishwa wala kurudishwa hela, na sehemu ya hela yenyewe mama yake alikuwa kaikopa kwenye kikundi chao. Yaani ile ndege ikiondoka bila yeye, deni linabaki nyumbani na kazi inakwenda kwa mwingine.

Tukachukua teksi Mbagala. Dereva mtu mzima, tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnasindikiza?"

"Ndiyo mzee, tunampeleka binti eapoti. Anakwenda nje."

"Nje ni Terminal Two," akasema hata kabla hajaweka gia. "Pale mimi nimepeleka watu tangu enzi za Mwinyi."

Na mimi nikaitikia. Terminal Two naijua tangu utoto, ndipo tulipokuwa tunakwenda kupokea wajomba na mabegi yao. Mama mdogo naye akaitikia. Ndani ya gari tulikuwa watu wanne na hakuna hata mmoja aliyeifungua ile karatasi. Tumefika, tumeshusha mabegi, teksi imeshaondoka, mlinzi mlangoni akaichukua tiketi, akaigeuza, akasema kwa upole kabisa: "Dada, hii ni Three."

Sitaki kuwasimulia mbio zile. Alifika kaunta ya Terminal 3 zikiwa zimebaki dakika chache sana. Alisafiri, namshukuru Mungu. Lakini mama yake hakumuaga. Alimwona mgongo tu, na kibegi cha bluu, basi. Mpaka leo akikumbuka siku ile analaumu foleni ya Mbagala. Mimi najua haikuwa foleni.

Na yule mzee hakuwa mzembe. Alichosema kilikuwa kweli kwa miaka 35! Uwanja wa Dar jengo lake la kwanza la abiria ni la 1954. Terminal 2 ilianza 1984, mchoraji wake ni Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora Terminal 1 ya uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. Tangu hapo, kwa mtu wa Dar, "Two" na "kwenda nje" yakawa neno moja. Agosti 2019 Rais Magufuli akazindua Terminal 3, lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, na safari za nje zikahamia huko. Two ikabaki na safari za ndani, One ikabaki na vindege vidogo vidogo. Mnaona? Hapa hata namba haikubadilika. Kibao kilichokuwa kimeandikwa 2 bado kimeandikwa 2. Kilichobadilika ni kazi ya jengo, na mabadiliko ya namna hii ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hakuna kibao kipya cha kukushtua.

Sasa twende Nairobi, maana wenzetu wao walibadili kila kitu.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958, wakati wa mkoloni, na kazi kubwa ya kuujenga waliifanya wafungwa wa Mau Mau kwa jasho lao, jambo ambalo abiria wengi wanaoburuta mabegi pale hawalijui. Mwaka 1978 yakafunguliwa majengo mapya upande wa pili wa njia ya kurukia ndege. Agosti ya mwaka huo huo Mzee Kenyatta akafariki, na uwanja ukachukua jina lake. Majengo hayo yalijengwa kwa mkao wa nusu duara na kugawanywa vipande vitatu: Unit 1, Unit 2 na Unit 3. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuja kuwa ya safari za ndani. Miaka ikapita, abiria wakafurika, likaanza kujengwa jengo jipya pembeni. Kwa kuwa lilikuja baada ya tatu, wengine wakaliita Unit 4, wengine Terminal 4.

Kabla halijamalizika vizuri ukatokea moto. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, siku iliyotimiza miaka 15 tangu mabomu ya ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar. Ukumbi wa kuwasili wa safari za nje ukateketea. Abiria wakawa wanapokelewa kwenye mahema, kisha jengo jipya la kuegesha magari likageuzwa ukumbi wa kuwasili. Ndiyo, maegesho ya magari. Nalitaja kwa sababu nalo liliishia kupewa herufi yake.

Katika ujenzi na ukarabati wa miaka hiyo ndipo neno "Unit" lilipofutwa kwenye vibao. Nusu duara yote pamoja na jengo la pembeni ikaitwa Terminal 1, halafu kila kipande kikapewa herufi. Unit 4 ikawa 1A. Unit 1 ikawa 1B. Unit 2 ikawa 1C. Unit 3, ya safari za ndani, ikawa 1D. Na lile la maegesho likawa 1E, la kuwasili tu. Ukishangaa kwa nini cha nne kimekuwa A na cha kwanza kimekuwa B, jibu ni kwamba herufi zinafuata mahali jengo lilipokaa. Umri wake hauhesabiwi. Ukipita kwa mpangilio unakutana na A, halafu B, halafu C. Kwa mgeni ni rahisi kabisa. Kwa mwenyeji aliyezoea "One, Two, Three" ni kama umeamka ukakuta mtaa wenu umehamishwa.

Mwaka 2015 ikafunguliwa Terminal 2, jengo jepesi lisilo la kifahari, kwa mashirika ya bei nafuu. Hapo sasa! Mtu wa Nairobi akikwambia "niko Two" anaweza kuwa na maana mbili: Unit 2 ya zamani, ambayo leo ni 1C, au Terminal 2 yenyewe, ambayo ni jengo jingine kabisa. Na "One" ni hivyo hivyo: Unit 1 ni 1B peke yake, ila Terminal 1 ni majengo yote yenye herufi. Mimi mwenyewe nimeshasimama pale nikimsubiri mwenyeji wangu aliyekuwa "Two", huku naye akinisubiri mimi, kila mmoja akiapa kwenye simu kwamba mwenzake haoni vizuri. Alikuwa anatumia lugha ya zamani, mimi ya vibao.

Kitu ambacho hakikuguswa ni kodi ya herufi tatu. Nairobi ilikuwa NBO na bado ni NBO. Dar ni DAR, ingawa uwanja wenyewe ulibadilishwa jina 2005 kuwa wa Mwalimu Nyerere. Mumbai haiitwi tena Bombay lakini mzigo wako utaandikwa BOM, na Saint Petersburg bado ni LED, kutokana na Leningrad. Sababu ni kwamba herufi hizi zimekaa kwenye kompyuta za mashirika yote duniani, na kuzing'oa ni kazi. Imewahi kutokea lakini: New York, uwanja wa Idlewild ulikuwa IDL, ulipopewa jina la Kennedy Desemba 1963 ukawa JFK. Kwa hiyo mdau, ukichanganyikiwa na majina, anza na herufi tatu kwanza ujue mji na uwanja. Jengo linafuata baadaye.

Msije mkadhani ni ugonjwa wa Afrika Mashariki. London Heathrow majengo yake ya zamani yalikuwa na majina, siyo namba: lilikuwepo Europa na lilikuwepo Oceanic. Mwaka 1968 likafunguliwa jengo jipya, na hilo jipya kuliko yote ndilo likaitwa Terminal 1! Europa likawa 2, Oceanic likawa 3. Baadaye 4 ikafunguliwa 1986 na 5 ikafunguliwa 2008. Halafu Juni 2015 Terminal 1 ikafungwa. Leo ukienda Heathrow wanahesabu kuanzia mbili: mbili, tatu, nne, tano. Moja hakuna. Hawakuzisogeza namba zilizobaki, na nadhani walifanya la busara, maana ungewalazimisha abiria wa majengo manne kujifunza upya kwa ajili ya moja lililokufa.

Paris, uwanja wa Orly, waliamua kinyume. Kulikuwa na Orly Kusini na Orly Magharibi, majina ya miaka mingi. Wakajenga jengo la kuyaunganisha, na ghafla maneno kusini na magharibi yakawa hayana maana, kwa sababu hili la katikati utaliitaje? Machi 2019 wakabadili: Magharibi ikawa Orly 1 na 2, Kusini ikawa Orly 4, na la katikati lilipofunguliwa mwezi uliofuata likaingia mahali pake kama Orly 3. Hii ndiyo sababu kubwa ya namba kubadilika duniani: jengo jipya linapozaliwa katikati ya mengine na hakuna namba iliyoachwa wazi. Kuala Lumpur walikuwa na shida ya maneno tu. Jengo la bei nafuu lililofunguliwa 2014 liliitwa klia2, jina linalofanana na la uwanja wenyewe, KLIA, kama vile ni uwanja wa pili. Mwaka 2023 wakanyoosha: KLIA Terminal 1 na KLIA Terminal 2.

Mageti nayo yana mambo yake. Uwanja ukiwa na mkono mmoja wa mageti unahesabu 1, 2, 3 unamaliza. Mikono ikiongezeka unapata mageti mawili yenye namba 7 katika majengo mawili, na hapo ndipo watu hukosa ndege wakiwa wameshakaguliwa, wamekaa, wanakunywa soda. Dawa ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kuipa namba ya geti tarakimu ya jengo: Los Angeles mageti ya Terminal 4 yanaanza na 4. Ya pili ni herufi na namba, kama Atlanta, ambako A12 na B12 ni kumbi mbili tofauti. Herufi zina tatizo lake: kwenye spika B, D, E na G zote zinalia karibu sawa, na lafudhi ya mtangazaji ikiongezeka ndiyo kabisaa. I na O viwanja vingi huziruka kwa sababu zinafanana na moja na sifuri. Wapo pia wanaoruka 13 kwa kuogopa nuksi. Kwa hiyo ukiona 12 halafu 14, usirudi nyuma kutafuta.

Mtu atasema: si wabadilishe vibao tu, mafundi wawili na ngazi? Kumbe vibao ndiyo sehemu nyepesi. Geti unaloliona wewe upande wa ndani lina mwenzake upande wa nje, yaani mahali ndege inapoegeshwa, na pale pana namba iliyochorwa chini kwa ajili ya rubani. Namba hizo mbili zikitofautiana, gari la zima moto au la wagonjwa linaweza kuelekezwa kusiko. Ndiyo maana uwanja ukibadili upande mmoja hulazimika kufikiria na wa pili. Ramani za marubani zenyewe hazibadilishwi siku yoyote mtu anapojisikia. Dunia nzima kuna kalenda ya mabadiliko hayo, kila baada ya siku 28, ili wote wafungue karatasi mpya siku moja. Ongeza hapo kompyuta za mashirika, skrini, matangazo yaliyorekodiwa, mikanda ya mizigo, mabasi, na mafunzo ya wafanyakazi.

Kuna namba nyingine abiria hatuijali lakini nayo hubadilika: ya njia ya kurukia. Dar kuna 05/23, Nairobi ni 06/24. Hizo zinatokana na dira. Unachukua nyuzi za uelekeo, unazikadiria kwenye kumi iliyo karibu, unakata tarakimu ya mwisho, basi. Nyuzi 50 inakuwa 05, ukija kutoka upande wa pili ni 230, inakuwa 23. Sasa kaskazini ya sumaku haitulii, inasogea taratibu miaka nenda rudi, hivyo baada ya muda lami ile ile inakuwa na namba isiyolingana na dira. Uwanja wa Stansted, Uingereza, ulibadili 2009 kutoka 05/23 kwenda 04/22. Hapo hakuna aliyejenga wala kubomoa, ni dunia imejisogeza tu.

Turudi kwenye karatasi yako. Ukiprinti tiketi hapo kafe, usiishie kwenye tarehe na saa kama sisi tulivyofanya. Tafuta herufi tatu za uwanja, halafu karibu yake tafuta neno Terminal au herufi T na namba. Mara nyingi imeandikwa kwa maandishi madogo kuliko bei. Mwonyeshe dereva karatasi, usimsimulie. Mwambie kwa heshima: "mzee, tiketi inasema Three". Usimwambie "nje" au "ndani", kwa sababu neno hilo kila mtu ana jengo lake kichwani.

Geti huwa haliko kwenye tiketi, na ukiliona limeandikwa siku kadhaa kabla usiliamini. Linakuja kwenye pasi ya kupandia, na hata pale linaweza kubadilishwa, kwa hiyo skrini ndiyo yenye neno la mwisho. Wageni wengi pia huchanganya geti na siti: 14C inaweza kuwa kiti chako, siyo mlango. Na geti hufungwa kabla ya saa ya kuruka, mara nyingi dakika 15 hadi 20 kabla. Saa iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya ndege kuondoka. Wewe unatakiwa uwe umeshakaa.

Tahadhari ya mwisho ni kwa sisi wa intaneti. Kurasa za zamani hazifi. Ukitafuta leo habari za uwanja wa Nairobi utakuta watu waliandika kwa nia njema kabisa, 2008, 2011, jinsi ya kutoka Unit 2 kwenda Unit 3 kwa miguu. Maelekezo ni mazuri, njia bado ipo, ila maneno hayapo ukutani. Angalia tarehe ya ukurasa kabla hujaprinti. Kwa Nairobi, kitu cha kabla ya 2014 kitafsiri kwanza: nne ni A, moja ni B, mbili ni C, tatu ni D. Kwa Dar, chochote cha kabla ya Agosti 2019 kinachosema safari za nje ni Two, kiache.

Mdau wa Mwanza, mpigie shemeji umwambie 1A, na umtajie A kama A ya Arusha. Ukitua usitoke na mtu yeyote anayekwambia anakupeleka Unit Four.

Na wa Nairobi mliomo humu, nina swali: hivi madereva wa huko siku hizi wanasema 1B au bado ni Unit One? Tupieni hapo chini.